Nafuu ya Mtu Mmoja

Bahasha niliyoletewa kutoka mji wa Wote ilikuwa na karatasi mbili, na mimi nilizoea moja. Nilidhani ya pili imeingia kwa bahati mbaya, labda ni ya mwuguzi anayefanya kazi na binti yangu, kwa hiyo nikavaa miwani na kusoma jina. Kanyiva Munyao. Nikarudi kwenye ile ya kwanza: Kanyiva Munyao. Namba ya kodi ilikuwa ileile, tarakimu kwa tarakimu. Waajiri tu ndio walikuwa wawili.

Karatasi hizo huitwa P9. Kila mwaka mwajiri humpa mfanyakazi wake moja, imepangwa miezi kumi na miwili kutoka juu hadi chini, na mbele ya kila mwezi imeandikwa alicholipwa na kodi aliyokatwa. Kabla Juni haijaisha, mfanyakazi huitumia kuwaeleza watu wa ushuru mapato yake ya mwaka uliopita. Wengi huiogopa kazi hiyo na kuiahirisha hadi siku ya mwisho, kisha hujazana kwenye saiba, vile vyumba vya kompyuta za kulipia, kama watu waliosikia kwamba mbolea ya serikali imefika. Mimi huipenda. Nilifundisha hesabu na Kiswahili kwa miaka thelathini na minne, na tangu nistaafu hakuna anayeniletea daftari nisahihishe. Kanyiva alipoajiriwa katika hospitali ya serikali mjini Wote, miaka saba iliyopita, aliniletea P9 yake ya kwanza akasema, "Baba, hii ni kazi yako." Tukaenda pamoja kwa Katunge, mwenye saiba pale sokoni Tawa, tukajaza, halafu akaninunulia chai na mandazi. Ikawa desturi yetu ya kila Juni.

Mwaka huu hakuja. Alituma bahasha kwa gari la vifurushi, na pamoja na zile karatasi aliweka kipande cha daftari. "Baba, naomba unijazie kama kawaida. Neno la siri halijabadilika. Ukiona jambo, jaza tu."

Hatukuwa tunazungumza. Yaani, tulizungumza jinsi wanavyozungumza watu wenye adabu na kinyongo. Kila tarehe moja ya mwezi aliniandikia kwenye simu, "Habari Baba. Uko salama?" nami nikajibu, "Salama." Hivyo kwa miezi minane. Kabla ya hapo nilimwita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu ndiye aliyepewa jina la marehemu mama, na kwetu Ukambani mwanamume hamwiti binti kama huyo kwa jina kavu. Tangu mazishi nilimwita Kanyiva.

Mazishi yenyewe yalikuwa ya mke wangu, Kalunde. Figo zilimsumbua kuanzia Februari ya mwaka jana, akafariki Oktoba, siku ya Jumapili. Kila Jumanne na kila Ijumaa nilimpeleka Machakos kusafishwa damu kwa mashine. Bima ililipia mashine. Gari la kukodi, sindano za kuongeza damu na chakula alichoandikiwa na daktari vilikuwa juu yetu. Kanyiva ni mwuguzi. Nilitarajia aje kila wikendi, amkande mama yake miguu, amsomee Zaburi, nami nipumzike kidogo. Alikuja katikati ya wiki, mara moja au mbili kwa mwezi, akakaa saa tatu huku akitazama saa yake, akaondoka. Wikendi hakuja hata moja tangu Machi. "Niko na shughuli, Baba," alisema. Shughuli gani, hakusema, nikajijibia mwenyewe. Nilimwona kichwani ameketi kwenye mkahawa wa Wote na mwanamume asiye na jina, wanakula nyama choma na kucheka, na mimi huku nimeshika beseni.

Basi siku ya mazishi, niliposimama kutoa shukrani, nilitoa sentensi niliyokuwa nimeitunga na kuinyoosha kwa siku tatu. "Kuna waliomwuguza Kalunde," nilisema, "na kuna waliokuja kumtazama." Kisha nikaongeza kwamba mke wangu alinifia mikononi. Waombolezaji waliguna. Kanyiva alikuwa amesimama kando ya jeneza na shada la maua, hakuinua uso. Baada ya watu kutawanyika aliniomba kitu kimoja tu, simu ya mama yake, ile ndogo ya vibonyezo, nikampa huku nikimdharau moyoni kwa kutamani kitu hafifu kama kile. Nakiri pia kwamba niliiona sentensi yangu kuwa nzuri. Ilikuwa na mizani.

Katunge nilimfundisha darasa la sita, nikamchapa kwa kutojua kugawanya sehemu. Sasa ana kompyuta nne na hunitoza nusu ya bei, jambo ambalo sijaamua kama ni heshima au kisasi. Nilipofika, zikiwa zimebaki siku tano Juni iishe, watu walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye duka la viatu, lakini aliniona akanipisha mbele.

"Mwalimu, leo uko na mbili," alisema.

"Moja nadhani ni kosa."

"Si kosa." Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. "Ona, sistimu imezileta zote yenyewe. Hii ingine ni ya kliniki fulani ya Makindu. Kwani Kanyiva anafanyanga kazi Makindu?"

"Sijui," nilisema. Neno hilo lilinichoma kulitamka mbele ya mwanafunzi wangu.

"Basi kuna deni hapa. Elfu hamsini na saba na mia sita."

Sikuamini kompyuta. Nilitoa penseli, nikageuza bahasha, nikaanza hesabu mwenyewe kando ya meza yake, na foleni ikanivumilia kwa sababu nusu yao niliwafundisha.

Kodi ya mshahara hupanda ngazi. Elfu ishirini na nne za kwanza za mwezi hutozwa asilimia kumi. Kipande kidogo kinachofuata hutozwa asilimia ishirini na tano, na kinachobaki, kwa mtu wa kipato kama cha Kanyiva, asilimia thelathini. Kodi ikishapatikana, serikali humpunguzia kila mfanyakazi shilingi elfu mbili na mia nne kwa mwezi, na punguzo hilo ndilo huitwa nafuu. Kule Wote hesabu ilikuwa sawa. Walimkata walichopaswa kumkata na kumpa nafuu yake. Kule Makindu, mshahara uliotozwa kodi ulikuwa elfu ishirini na nne kamili kila mwezi. Asilimia kumi ya hizo ni elfu mbili na mia nne. Toa nafuu, elfu mbili na mia nne. Jibu lilikuwa sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa imeandikwa mara nane kwenye safu ya kodi.

Kama mwalimu wa hesabu, niliitazama kwa muda nikiifurahia. Halafu nikakumbuka kwamba ilikuwa ya uongo. Mtu mwenye kazi mbili hana nafuu mbili. Mishahara yake huunganishwa kuwa mmoja, na ule wa pili huwekwa juu ya ule wa kwanza, kwenye ngazi ya asilimia thelathini. Elfu saba na mia mbili kwa mwezi, mara miezi minane. Kompyuta ilikuwa sahihi.

"Hao wa Makindu wamekosea," nilisema. "Hawakupaswa kumpa nafuu."

"Wao hawakujua kama wao ni wa pili, Mwalimu. Ukiandikwa unapewa fomu, unaulizwa, uko na kazi ingine? Ukisema ndiyo, wanakukata bila nafuu. Ukisema hapana, wanakupatia. Hapa kwangu naona watu wengi wanasema hapana. Hawajui itawafuata Juni."

"Kanyiva anajua."

Alijua, kwa sababu nilimfundisha mimi. Juni ile ya kwanza, mezani kwenye chai, nilimweleza kwamba nafuu ni ya mtu, si ya kazi. "Hata ukipata kazi tano, mwaitu, wewe ni mtu mmoja," nilimwambia, naye akacheka akasema hakuna mtu mwenye akili zake atafanya kazi tano. Kwa hiyo alipoishika fomu ya Makindu na kuandika hapana, hakukosea. Alidanganya. Binti yangu, niliyemlea kwenye benchi la mbele la kanisa, alidanganya kwa maandishi. Hasira ilinipanda nikaona hata miwani inaniletea ukungu.

Niliifuta, nikairudia ile karatasi ili nimtafutie kosa jingine. Januari ilikuwa tupu. Februari tupu. Kuanzia Machi namba zilianza, zikashuka moja chini ya nyingine, elfu ishirini na nne, elfu ishirini na nne, zikafika Oktoba. Novemba ilikuwa tupu, na Desemba. Niliziwekea kidole na kuzisoma tena kutoka juu, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, Machi hadi Oktoba.

"Mwalimu, umeshikwa na nini?" Katunge aliuliza. "Nikuletee maji?"

"Alianza lini kazi hii? Niambie unachokiona wewe."

Aliinama akatazama. Alikuwepo mazishini, alipika wali. Niliona uso wake ukielewa. Aliirudisha karatasi mbele yangu kwa mikono miwili.

"Mimi naweza sema kitu kimoja tu," alisema baadaye, kwa sauti ya chini ili foleni isisikie. "Hizi siku mtu anajaza hii kitu na simu akiwa kitandani. Kanyiva ni mtu amesoma. Hakuwa na haja ya kukutumia karatasi."

Niliondoka bila kumaliza kujaza. Nilipita nyuma ya soko hadi nyumbani kwa Syombua, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kanisa letu. Nilimkuta uani akichagua ndengu kwenye ungo. Alitaka kuinuka anipe kiti, nikamwomba asiinuke.

"Mama Syombua, nimekuja kuuliza jambo la kale," nilisema. "Mke wangu alipougua, mlikuwa mkimtumia pesa kwa simu. Elfu sita kila Jumatatu. Sikuwahi kuja kuwashukuru kama ilivyofaa."

Aliacha kuchagua. "Elfu sita?"

"Kila Jumatatu."

"Mwalimu, sisi tulileta unga na sukari mara mbili, na siku moja tukachanga elfu tatu, ile nilikupatia wewe kwa mkono. Sisi tungetoa wapi elfu sita kila wiki? Hata mvua haikuwa imenyesha mwaka ule."

"Kalunde aliniambia ni kikundi."

Syombua alirudisha macho kwenye ndengu zake. "Basi kama ndiyo aliambia wewe, alikuwa na sababu yake," alisema.

Sababu hiyo ilikuwa mimi. Mimi ni mzee wa kanisa, na kwangu Jumapili haifanyiwi kazi. Niliwahi kumteremsha fundi kutoka juu ya paa langu, mabati nusu yamepigiliwa na mawingu yamekaa tayari, kwa sababu aliamua kumaliza siku ya Bwana. Mvua ikaharibu godoro na magunia mawili ya mahindi, nami nikaisimulia habari hiyo kanisani kwa fahari miaka mingi. Watoto wangu waliisikia hadi wakaijua kwa moyo. Kanyiva angeanzaje kuniambia kwamba kila Jumamosi na Jumapili anavaa sare na kudunga watu sindano Makindu? Ningeirudisha ile pesa. Naandika hivi bila kujisifu: ningeirudisha, na Kalunde hangeona hata Mei.

Niliketi jikoni kwangu nikaigawanya. Elfu ishirini na nne kwa wiki nne ni elfu sita. Hakubakiza hata nauli ya kwenda Makindu. Elfu nne zilikuwa za gari la kukodi, elfu mbili Jumanne na elfu mbili Ijumaa. Elfu moja na mia nne zilikuwa za sindano. Zilibaki mia sita. Na kama Kanyiva angejibu ile fomu kwa kweli, kliniki ingemkata elfu mbili na mia nne kwa mwezi papo hapo, nazo ni mia sita kwa wiki. Nilijua mia sita zile zilinunua nini. Zilinunua trei ya mayai na kipande cha sabuni. Daktari alimwandikia Kalunde ule ute mweupe wa yai, usiochanganywa na kiini, kila asubuhi na kila jioni. Alikula ute. Viini nilikula mimi, kwa chumvi kidogo, nikisema si vizuri kutupa chakula.

Nililia pale jikoni kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Siku ya mazishi sikulia. Nilikuwa na hotuba.

Kesho yake nilirudi kwa Katunge nikajaza karatasi zote mbili, bila kuficha hata shilingi, na kabla ya jioni nikalipa deni lote benki. Nilikuwa na elfu sitini nilizoweka za kujengea kaburi kwa saruji na vigae. Katunge alichapisha cheti cha kupokelewa akanikabidhi, akakataa hata ile nusu bei yake. Sikumpigia Kanyiva simu. Nilijua nikipiga atasema "Uko salama?" nami nitasema "Salama", halafu tutakata.

Nilimwandikia Katibu wa kanisa kwamba Jumapili sitakuwepo. Aliniuliza kama naumwa, kwa sababu hakukumbuka Jumapili niliyowahi kukosa. Kuhusu hilo alisema kweli kuliko alivyojua.

Nilifika hospitali ya Wote saa nne asubuhi. Mlinzi aliniuliza nimemletea mgonjwa gani chakula, nikamwambia namtaka mwuguzi. Kanyiva alitoka wodi ya wanawake akipangusa mikono, akaniona, akasimama. Amekonda. Ana miaka thelathini na moja, na pembeni mwa macho ana mistari ambayo mama yake aliipata akiwa na hamsini.

"Baba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Leo ni Jumapili."

"Najua ni Jumapili, mwaitu."

Neno lile lilimgusa. Niliona akilipokea na kuliweka kando bila kulijibu. Alinipeleka kwenye benchi lililo nyuma ya wodi, karibu na kamba za kuanikia mashuka, tukaketi tukiacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Nilimpa cheti na stakabadhi ya benki. Alivisoma kwa makini, kama alivyosoma kila kitu tangu utotoni, kutoka juu hadi sahihi.

"Umelipa na nini?"

"Nilikuwa nimeweka kidogo."

"Umeweka ya nini?"

"Ya kaburi."

Alifumba macho. "Mimi sikuwa nataka pesa yako, Baba. Nilishaongea na chama hapa, walikuwa wanipatie mkopo. Ungejaza tu, uache deni likae."

"Ulitaka nini basi?"

Mashuka yalikuwa yamekauka, na mwanamke mmoja mfanyakazi alipita akiyatoa kambani, tukamngoja amalize. "Nilitaka usome," Kanyiva alisema. "Nilijaribu kukuandikia barua mara tatu. Nikianza naona nakulaumu, nachana. Hiyo ya kodi haina lawama. Ni miezi tu."

"Kwa nini hukuniambia wakati ule?"

"Ningekuambia nafanya kazi Jumapili, ungekubali?"

"Hapana."

"Ndiyo hiyo. Mama ndiye alisema tuseme ni kikundi. Alisema, baba yako atakula pesa ya kanisa, lakini ya Jumapili hawezi." Alicheka kidogo sana, nikasikia kicheko cha Kalunde, kisha kikaisha. Nilitamani kukirudisha na sikujua ningefanyaje.

Nilikuwa nimejitayarisha kuomba msamaha. Nilikuwa na maneno, maana sikosi maneno, lakini yote yalinijia yakiwa na mizani na nikayaogopa. Nikasema tu, "Yale niliyosema kaburini yalikuwa mabaya."

"Nilikuwepo, nilisikia."

"Nisamehe."

Alikunja stakabadhi mara moja, akaikunjua. "Baba, kuna kitu nataka ujue, si ya kukuumiza. Ile Jumapili, Mama alinipigia simu saa tatu asubuhi. Nilikuwa Makindu, nimeanza zamu. Nikamwambia sauti yako sio mzuri, nakuja sasa hivi. Akakataa. Akasema nimalize kazi yangu, leo amepata nafuu. Nikauliza, Baba ako hapo? Akasema umeenda kanisani."

Nimeandika yote haya na jambo hilo nimelizunguka, kama nilivyolizunguka mbele ya waombolezaji na mbele ya Mungu. Kalunde hakunifia mikononi. Siku ile ilikuwa zamu yangu ya kusoma matangazo. Alipumua vibaya tangu alfajiri, nami niliiona pumzi ile, nikamwuliza nibaki, akasema niende, na niliporuhusiwa nilishukuru kwa sababu nilikuwa nimechoka na suti yangu ilikuwa imepigwa pasi. Nilimwachia maji kwenye kikombe na mlango wazi ili jirani achungulie. Jirani naye alikuwa kanisani. Nilirudi saa saba, baada ya kusimama uwanjani kusalimiana na watu, nikamkuta ameshuka nusu kutoka kitandani, mkono umeelekea mlangoni, mwili umepoa. Nilimpandisha, nikamnyoosha, nikamfunika, kisha ndipo nikapiga kelele.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua."

"Ulisimama pale na maua ukanisikia nikisema alinifia mikononi, na ulijua."

"Simu yake ndiyo nilitaka kwa sababu ya hiyo. Ilikuwa imeandika saa ambayo alinipigia mara ya mwisho. Nilifikiri mtu akiiona atauliza wewe ulikuwa wapi saa hiyo." Alizungumza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. "Sikutaka watu wakuangalie vibaya, Baba. Ulikuwa umempeleka Machakos mara ngapi? Mimi nilihesabu, ni zaidi ya mara sitini. Nikasema, wacha aseme vile anataka. Lakini nilipofika nyumbani kwangu nikashindwa kurudi."

"Mpaka leo?"

"Hata leo sijui."

Nilinyoosha mkono nikaushika wake. Hakuuondoa, wala hakuukaza. Ulikuwa umekauka kwa kunawa mara nyingi kwa sabuni ya hospitali, na kucha zake zilikuwa fupi kama za mtoto wa shule. Nilitaka kumwuliza kama mama yake alisema jambo jingine kwenye simu, lolote, hata kuhusu mbuzi, lakini niliona kwamba kama lipo, ni lake, na atalitoa siku atakayotaka au asilitoe kamwe.

Mwuguzi mwenzake alimwita kutoka mlangoni; mgonjwa wa kitanda cha tisa alikuwa ameng'oa mpira wa maji. Kanyiva aliinuka, akatia cheti na stakabadhi mfukoni mwa sare yake. "Lazima nirudi," alisema. Hakuniambia nimngoje, wala hakuniambia niende. Mlango ukajifunga nyuma yake wenyewe, polepole, ile namna ya milango ya hospitali.

Nilibaki kwenye benchi. Jua lilisogea likafika miguuni pangu, likapanda hadi magotini. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kumwona mgonjwa, na chupa ya uji mapajani, alijivuta kunipisha kwenye kivuli.

"Mzee, unangoja nani?"

"Binti yangu."

"Ni mgonjwa?"

"Ni mwuguzi hapa."

"Anatoka saa ngapi?"

"Sikumwuliza," nilisema, nikavua koti langu la kanisani na kulikunja kando yangu.